Kijiti chenye alama tatu: jibu kwa mama anayetaka kulala kando ya Sabaki

Swali lenyewe, nimelifupisha:

"Asalaam alaikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Malindi. Mume wangu ameichukua Hiace yetu iliyokuwa ya kazi, akatoa viti, akatia kitanda, kabati, jiko la gesi, na sola juu ya paa, ikawa gari la kulala kama yale ya Wamarekani. Watoto wanafunga shule Aprili. Twataka siku tano mashambani karibu na maji matamu, maana bahari tumeizoea: tuanze Sabaki, twende ziwa Jilore, na tukijaaliwa tufike Tana na ziwa Kenyatta kule Mpeketoni. Baba watoto asema tuegeshe ukingoni hasa, ili watoto wakiamka waone maji. Mimi moyo hautulii. Tulale wapi, na tuogope nini?"

Waalaikum salaam, dada. Moyo wako usiupuuze. Gari sina neno nalo, na safari ni ya kheri. Lakini mambo mawili yabadilike kabla hamjanunua hata mkate: Aprili, na huko kulala ukingoni.

Nianze na mwezi. Sisi wa huku tuna mazoea ya kutazama mbingu ya Malindi kisha tukaukadiria mto. Mbingu kavu, mto salama. Sabaki hauhesabu hivyo. Maji yake yanaanzia upande wa Nairobi na Ngong yakiitwa Athi, yanazunguka Ukambani, yanapokea mto Tsavo na kuitwa Galana ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, na yakikaribia kwetu ndipo yanaitwa Sabaki. Mto wetu hunyeshewa Nairobi. Mvua kubwa ya Machakos itakufikia huku siku kadhaa baadaye, jua likiwaka, wewe umetandika mkeka na birika liko motoni. Na Aprili mpaka Mei ni masika kule juu na mvua ya mwaka huku chini, zote kwa pamoja. Mto ukifurika ndipo bahari yetu hapa Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Rangi ile ni udongo wa mashamba ya bara, na umepita palepale mumeo anapotaka kutia kitanda.

Nimeendesha wageni njia za Tsavo, Marafa na Garsen miaka 22, na hili sikulipata kitabuni. Novemba moja niliwalaza wageni wawili upande wa kusini wa mto, juu kidogo ya daraja kule maji yanakotoka, mahali pa mchanga safi palipolala sawa kama meza. Wingu hakuna. Mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akilima mahindi pale alikuwa amenifunza jambo: alasiri unachomeka kijiti pale maji yanapogusia nchi kavu, nacho umeshakitia alama tatu kwa kisu, kila alama juu ya mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Nikachomeka. Baada ya Isha nikateremka na tochi, alama ya kwanza haipo. Nikajidanganya kwamba ni bahari inajaa, maana mlango wa mto hauko mbali, nikarudi kulala. Kiasi cha saa saba usiku nikaamshwa na harufu. Sauti haikuwapo. Ilikuwa harufu ya udongo uliorowa, ile ya mvua ya kwanza, na mvua hakuna. Nikamulika. Kijiti sikukiona, na juu ya maji yanapita mabua ya mahindi, chupa za plastiki na povu la rangi ya kahawa. Tuliondoka bila kukunja turubai. Asubuhi nilirudi kutazama: pale tulipolala maji yananifika mapajani, na turubai limeshakwenda zake baharini.

Kwa hiyo Aprili ipelekeni Agosti, ambako pia watoto wamefunga. Kusi linavuma, usiku unalalika bila feni, mvua za masika zimeshapita na za vuli hazijaja. Ikiwa mumeo hana likizo ila Aprili, basi nendeni, lakini mlale juu, na kila siku sikilizeni utabiri wa hali ya hewa wa Nairobi na Ukambani. Wa Malindi utawaambia kama nguo zitakauka tu.

Hapo "juu" ni wapi? Msikadirie kwa macho, mtaona mto umelala chini kama umekufa. Tazameni miti. Kwenye mikoma na vichaka vya kando ya Sabaki mtaona nyasi kavu, makaratasi na vipande vya magunia vimenasa matawini. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Nyasi zile zikiwa juu ya kichwa chako, umesimama ndani ya mto, ila mwenyewe hayupo nyumbani. Pandeni mpaka mahali ambapo alama hizo hazipo kabisa, kisha pandeni tena kidogo.

Sasa kiboko. Watu huuliza sana kuhusu mamba, na mamba ni wa kuogopwa, lakini mamba humngoja anayemwendea. Kiboko ndiye anayekuja kwako. Mchana kutwa yuko majini, jua likizama anatoka kwenda kula nyasi, na anaweza kutembea kilomita kadhaa kabla ya kurudi alfajiri. Ukimkuta kati yake na maji, hakuna mjadala. Ana uzito wa tani moja na zaidi, na kwa mbio anamshinda mtu. Zamani Sabaki wote ulikuwa wake, leo kingo zimejaa mashamba, na wakulima wa pande zote mbili watawaeleza mahindi yao yanavyoliwa.

Jambo ninalotaka mumeo alijue vizuri ni njia yake. Kiboko ana mwili mpana na miguu iliyoachana, kwa hiyo akipita pale pale kila usiku anachimba mifuo miwili sambamba, katikati pamebaki tuta lenye nyasi. Dereva akiiona anasema, alhamdulillahi, hapa magari hupita. Inateremka taratibu mpaka majini, pana nafasi ya kutosha Hiace, vichaka vimeshafunguka. Nimewahi kumkuta mtu ameegesha humo na anajisifu kwa kupata barabara nzuri. Teremkeni mtazame ardhi: njia ya gari ina alama za tairi na upana wa gari, ya kiboko ni nyembamba zaidi, ina nyayo kubwa za vidole vinne, na vichaka vya kando vimerushiwa mavi kwa mkia kama mtu aliyepiga lipu ukuta. Mkiona hivyo, ondokeni, msiseme tutalala kwa tahadhari.

Kwa mamba kanuni ni fupi. Watoto wasikaribie ukingo wa maji ya rangi, hata ya magotini. Msichote maji mahali pamoja saa ile ile siku mbili mfululizo, kwa sababu mamba hujifunza ratiba. Vyombo visioshewe mtoni. Mabaki ya samaki na nyama yafukieni mbali.

Mumeo naona ametazama video nyingi za Marekani, na simlaumu, hata mimi hutazama. Ila aelewe anachokiona. Kule gari la kulala linaingia kambi iliyojengwa kwa ajili yake: kuna mlingoti wa umeme wa ampea 30 au 50, bomba la maji, na shimo la kumwagia tangi la choo. Na mengi ya yale maziwa mazuri yenye magari yaliyopangwa ukingoni si maziwa ya asili, ni mabwawa, na kambi nyingi za hapo zinasimamiwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi lao, wale wale wanaofungua na kufunga milango ya maji. Anayekukodisha nafasi ndiye anayejua maji yatafika wapi. Sabaki hauna mwenye ufunguo. Hata hivyo, wale wanaolala porini bila kambi, wao wenyewe wana mwiko wa kukaa karibu na maji: wanahesabu futi 200, yaani kama mita 60, kwa kambi, kwa choo na kwa maji machafu. Kwa hapa kwetu, kwa sababu ya kiboko, mimi naongeza: mita 100 na zaidi, na pawe juu.

Jilore ndipo ninapopenda muanzie, kabla ya Sabaki. Ni safari fupi magharibi ya mji, upande wa barabara ya kwenda Sala, na ziwa liko pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kaskazini. Ni ziwa la maji matamu linalotegemea Sabaki: mto ukijaa nalo linajaa, ukame ukizidi linarudi nyuma na kuacha tope lililopasuka. Ukingo wake kwa hiyo hauko mahali pamoja. Lililokuwa pwani ya ziwa mwezi uliopita sasa ni udongo mweusi, juu mkavu, chini uji. Hiace ikiingia humo inakaa kwa tumbo. Teremka, tembea kwa miguu mbele ya gari, chomeka fimbo. Ikizama shubiri bila kusukumwa, geuza.

Kulala, laleni karibu na watu. Panda kwenye miinuko ya kijiji, uliza mzee wa mtaa, au nenda kwa chifu, mweleze kwamba nyinyi ni familia ya Malindi na mwataka uwanja wa kuegesha siku mbili. Ardhi ile si pori lisilo na mwenyewe, hata kama huoni ua. Ni mashamba ya familia za Kigiriama, na kuna vichaka vya heshima zao ambavyo hakikatwi kijiti wala hakiwashwi moto. Mkishapata mwenyeji, nusu ya matatizo yenu yamekwisha. Yeye anajua kiboko anapita wapi wiki hii, kisima kipi kina chumvi, na kijana gani atakayewapeleka ziwani alfajiri kuwaona mwari na korongo. Mlipeni kijana huyo vizuri, na mwenye uwanja mpeni kitu: sukari, majani ya chai, mchele, na pesa kidogo mkononi, si mbele za watu. Mkipenda msitu wenyewe, kwenye ofisi za misitu za Gede upande wa barabara ya Mombasa hupatikana mahali pa kupiga kambi kwa malipo. Maji hakuna hapo, lakini watoto wakiona sange mwenye matako ya dhahabu, kijinyama kama panya chenye pua ndefu, akikimbia majanini hawatawauliza kuhusu maji.

Sabaki basi uwe wa mchana. Mlango wa mto uko kilomita chache tu kaskazini mwa mji. Egesheni kijijini karibu na daraja, chukueni kijana wa kuwaongoza wa pale pale, mtembee hadi kwenye mafungu ya mchanga na tope mahali mto unapokutana na bahari. Msimu ukiwa mzuri mtawaona heroe wengi mpaka mchanga unaonekana wa waridi, na viboko kwa mbali wakitoa masikio. Nendeni asubuhi, maji ya bahari yakiwa yametoka, na rudini kabla hayajajaa. Tope la mlangoni linameza mguu wa mtu mzima mpaka pajani, na mwongozaji anajua linapoishia. Kisha jioni hameni mpaka Marafa, mlale karibu na Nyari, lile korongo la udongo mwekundu na mweupe. Maji hakuna Nyari, lakini machweo ya pale ni ya kuonyeshwa watoto, na wanakijiji wana utaratibu wao wa kupokea wageni.

Kuna jambo la Sabaki ambalo napenda watoto waambiwe. Maji ya bomba la nyumbani kwenu yanatoka mto huo huo. Kule Baricho, upande wa Langobaya, kuna visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto, na maji yake yanasukumwa hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Na wanawake wa vijiji vya kando ya mto, wakati wa ukame, wanafukua mashimo mchangani kwa mikono na kuchota kwa kata. Mtu anayeosha Hiace yake mtoni kwa sabuni anaiosha ndani ya mtungi wa jirani. Maji ya vyombo yamwageni mbali na mto, kwenye ardhi kavu, yatawanywe, yasimiminwe pamoja.

Galana, kule juu karibu na lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, ni pazuri kuliko kote: mto mpana, mikoma, tembo wakivuka jioni. Lakini mkilala nje ya kambi yenye walinzi mmefanya upumbavu, na mkiingia mbugani mjue malipo ni ya mtandaoni, pesa taslimu hawapokei, na saa kumi na mbili jioni mnatakiwa mko mahali penu. Wekeni hiyo kwa mwaka ujao.

Tana na ziwa Kenyatta nitasema bila kuzunguka: safari hii msiende kulala. Tana una mabwawa matano ya umeme huko juu, Masinga likiwa ndilo kubwa, limejengwa 1981. Mabwawa yakijaa, maji yanapita juu na kuteremka bondeni, na watu wa Garsen na vijiji vya delta wanapokea mafuriko ambayo mvua yake hawakuiona. Novemba 2023 barabara za huko zilikatika na watu wakahamia kwenye vilima. Delta ile ni tambarare, hakuna "juu" pa kukimbilia ila palipokwisha kukaliwa. Mto wenyewe unajulikana kwa kuhama: leo unaingia baharini Kipini, na uliletwa huko na mfereji wa Belezoni uliochimbwa kuuunganisha na mto Ozi. Mto uliowahi kubadilisha mlango wake hautakuwa na haya ya kubadilisha njia yake usiku mmoja.

Ziwa Kenyatta, ambalo wazee walilijua kwa jina la Mukunguya, ni zuri na lina viboko, ingawa katika miaka ya ukame limewahi kukauka na viboko wakafa kwenye tope. Lakini hiyo ni Lamu bara. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ulinzi wa eneo lile ni wa aina yake, barabara ya Garsen hadi Mokowe ina vizuizi, na kuna nyakati magari husindikizwa. Barabara imetiwa lami na watu wanasafiri kila siku, sikutishi. Nasema gari lililoegeshwa peke yake kichakani usiku, lina mapazia na mwanga ndani, litawasumbua askari na kuwasumbua nyinyi. Mkitaka kufika, ulizeni polisi wa Garsen hali ya siku hiyo, safirini mchana, mlale Mpeketoni kwenye nyumba ya wageni yenye ua na mlinzi. Mkitaka kuunganisha na Lamu kisiwani, Hiace itabaki Mokowe na nyinyi mtapanda boti. Mjini Amu, yaani Lamu yenyewe, gari lenu halina barabara, ni punda na vichochoro.

Sasa gari. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko mamba, kwa hiyo nipe sikio. Jiko la makaa lisiingie ndani ya gari hata sekunde moja. Si la kupikia, si la kufukizia udi, si lile ambalo limebaki majivu na linaonekana limezimika. Makaa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na Hiace iliyofungwa madirisha kwa ajili ya mbu ni chumba kidogo kuliko kabati lenu la nguo. Mtu hapati nafasi ya kukohoa, analala tu, akazidi kulala. Mvua ikinyesha na chakula hakijaiva, kuleni mkate na tende.

Gesi nayo iwe na adabu yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya sakafuni, chini ya kitanda. Mtungi ukae kwenye kisanduku kilichotengwa na chumba, chini yake kitobolewe tundu la kutokea nje ya gari. Mpira upakwe maji ya sabuni kila asubuhi, povu likichemka pana kuvuja. Mkipika, mlango wa pembeni uwe wazi. Mkilala, mtungi ufungwe palepale juu yake, si kwenye jiko.

Muulize pia mumeo swali moja: fyuzi ya betri ya pili, ile ya taa na friji, iko wapi? Waya mwekundu unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, kabla haujapita popote. Waya ukichubuka kwenye bati halafu hauna fyuzi, unakuwa kama koili ya pasi, na nyinyi mmezungukwa na mbao na godoro la sponji. Fundi waya yeyote mzuri ataifanya kwa saa moja. Na betri ya kuwashia gari isiguswe na friji wala taa. Betri ya kina, ile iliyoundwa kutumika na kuchajiwa tena na tena, ya 100 Ah na sola mliyonayo, ikiwa na wati 100 au zaidi, zitaendesha taa, simu na kifriji kidogo cha volti 12 mkiwa waangalifu. Birika la umeme lisahauni.

Kuhusu karatasi: gari lililobadilishwa mwili linatakiwa lifanyiwe ukaguzi na logibuku, ile hati ya gari, ibadilishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima iambiwe. Msipofanya, siku ya ajali ndiyo bima itakapowauliza viti vimekwenda wapi.

Uzito, watu hawaufikirii. Lita 100 za maji ni kilo 100. Kwa watu watano siku mbili, za kunywa na kupikia na kujimwagia kidogo, lita 100 zinatosha. Zipangeni chini sakafuni katika madumu ya lita 20, si juu ya paa. Mjini jazeni ya bomba, kwa sababu visima vingi vya huku vina chumvi na chai haitanyweka. Hiace inasukumwa na magurudumu ya nyuma na tumbo lake liko chini, kwa hiyo mchangani toeni upepo kiasi kwenye tairi, nyayo ya tairi itapanuka, mwende polepole bila kukata kona kwa nguvu, na mkitoka mjaze tena kabla ya kukimbia. Chukueni pampu inayotumia umeme wa gari, koleo, mbao mbili pana za kuweka chini ya tairi na chini ya jeki, na kamba nene. Mkianza kuzama, acheni kukanyaga mafuta. Kila anayekanyaga anajichimbia kaburi la ekseli.

Choo: ndoo yenye kifuniko kinachobana, ndani mfuko, na kibati cha majivu au unga wa mbao kando. Majivu yanaua harufu kuliko dawa yoyote ya dukani. Ikiwa mumeo amenunua choo cha tangi chenye dawa, tangi hilo limwagwe kwenye shimo la choo la nyumbani kwenu au la mwenyeji aliyekubali, kamwe lisimwagwe mtoni.

Watoto wataomba kuogelea. Jibu ni hapana, Sabaki na Jilore pia, hata pasipo na mamba. Maji matamu yaliyotulia yenye majani ndiyo makao ya konokono wa kichocho, na kidudu chake kinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache, bila jeraha. Wakiwa wameshaingia, wafuteni kwa taulo kavu kwa nguvu mara moja, na wiki kadhaa baadaye mtoto akikojoa mkojo wenye damu au akilalamika tumbo, mpelekeni hospitali na mseme wazi kwamba aliingia ziwani. Dawa ipo na inatibu. Hamu ya kuogelea ikizidi, mkirudi kutoka Marafa teremkeni Mambrui, wamalizie kwenye bahari ile ile waliyoizoea.

Mbu: kila dirisha liwe na neti iliyoshonewa ukanda wa kunata, na mlango wa pembeni uwe na pazia la neti lenye sumaku. Geuza gari mlango uelekee upepo. Madirisha mawili yabaki wazi usiku, moja mbele na moja nyuma, nyuma ya neti. Watu watano wanapumua sana na asubuhi mtaamka kuta zimelowa. Homa ikimshika mtu ndani ya wiki za baadaye, kapimeni malaria, msidhani ni uchovu wa safari.

Mwisho wa ratiba yangu ni mwanzo wake. Usiku wa kwanza laleni uani kwenu, hapo hapo Malindi, gari limefungwa na mlango wa nyumba umefungwa, kana kwamba nyumba haipo. Pikeni humo, nendeni haja humo, watoto walale humo mpaka adhana ya alfajiri. Mtagundua kwamba kitanda kinalia, kwamba mdogo anapiga teke ukuta, kwamba kopo la chumvi halina kifuniko, na kwamba mumeo anakoroma zaidi kwenye bati kuliko kwenye matofali. Hayo rekebisheni mchana wa pili. Wa tatu na wa nne, Jilore. Wa tano, Sabaki mchana na Marafa usiku. Na kijiti mkichonge nyumbani kabisa, watoto wakate alama wenyewe, mkichomeke Jilore alasiri ile ile mtakayofika, hata kama mmelala mita 200 kutoka majini. Kazi ya kwenda kukitazama baada ya Isha mpeni baba yao.